Moto wa Juu na Moto wa Chini

Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia bintiye utenzi wa wasia yapata mwaka 1858, hakusahau chakula. Mume akiamka, binti anaambiwa, asicheleweshwe. Aandaliwe cha kula. Basi. Cha kula chenyewe ni kipi, kimepikwa kwa chombo gani, moto ulikuwa wa kuni au wa vifuu, nani aliamka alfajiri kuupuliza, hayo utenzi hauyasemi. Wala si kosa la mtungaji. Alikuwa akizungumza na mtoto aliyekulia katika nyumba yenye jiko, na mtu hafundishwi kwa shairi jambo analolinusa kila asubuhi.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir naye, katika Al-Inkishafi, ametupitisha katika majumba ya Pate yaliyokwisha kuwa magofu, akatuonyesha madaka yaliyokuwa yamepangwa sahani na sasa wamelala ndege. Sahani tumeziona. Chungu hatukukiona. Na tangu hapo waandishi wa tarehe ya pwani yetu wamefuata njia hiyo hiyo: wamehesabu kauri za Kichina, wamezipa karne zake, wamezipiga picha, ilhali katika kila mji wa kale uliochimbwa, kuanzia Lamu hadi Kilwa, sehemu kubwa mno ya vigae vinavyotoka ardhini ni vya vyungu vya udongo vilivyofinyangwa hapa hapa, vingi vikiwa na masizi. Kauri ilikuwa ya kutazamwa na ya kupakuliwa mgeni, na kazi ya kupika ikafanywa na chungu.

Makala haya yanataka kuuliza swali dogo la jikoni, nalo ni hili: watu wa visiwa hivi, ambao nyumba zao nyingi hazikuwa na tanuri, waliokaje mikate? Nimeona kwamba swali hilo ukilifuata vizuri linakufikisha mbali kuliko linavyoonekana.

Tuanze na nafaka. Kitabu cha Kigiriki cha mabaharia kiitwacho Periplus, cha karne ya kwanza, kinataja kwamba ngano ililetwa katika bandari za pwani hii si kwa kuuzwa, bali kwa kuwapa wenyeji ili kupata urafiki wao. Ngano haikuwa zao letu. Ilikuja na jahazi, ikaondoka na heshima ya kitu cha mgeni. Chakula cha watu kilikuwa uwele na mtama. Mtaalamu wa mambo ya kale Sarah Walshaw, aliyechunguza punje zilizoungua katika miji ya Tumbe na Chwaka kisiwani Pemba, ameonyesha kwamba Tumbe, uliokaliwa takriban kati ya karne ya 7 na ya 10, ulikuwa mji wa uwele zaidi, na mpunga ulikuwa kidogo; lakini Chwaka, ulioanza katika karne ya 11, ukawa mji wa mpunga. Yaani wali, ambao leo Mpemba hahesabu kwamba amekula mpaka aupate, ulituingia polepole, na uliingia pamoja na misikiti ya mawe na karamu za mjini.

Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliukuta wali umekwisha kuwa chakula cha heshima. Aliandaliwa wali uliopikwa kwa samli, ukapakuliwa katika chano kikubwa cha mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando pamoja na achari ya ndimu na ya pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Msomaji wa leo akisoma ukurasa huo humjia njaa, na humjia pia mshangao kwamba karibu miaka 700 imepita na sinia ya harusini haijabadilika sana. Lakini Ibn Battuta alikuwa mgeni wa kiume aliyeketi barazani. Chano kilimjia kimejaa. Nyuma ya ukuta hakwenda.

Nyuma ya ukuta inabidi tuingie kwa mlango mwingine, nao ni mlango wa maneno. Askofu Edward Steere alipotoa kitabu chake cha lugha ya Kiswahili kama isemwavyo Unguja, mwaka 1870, na Krapf ambaye kamusi yake ilitoka mwaka 1882, na Madan mwaka 1903, wote walikusanya maneno bila ya kuchagua, kama mtu aokotaye vitu pwani baada ya maji kupwa. Kwa bahati njema, miongoni mwa waliyoyaokota mna vyombo vya jikoni. Humo utakuta chungu na kikaango, na utakuta mkungu, ambao ulikuwa wa aina mbili: mkungu wa kulia, uliokuwa sahani ya udongo, na mkungu wa kufunikia, uliokuwa kifuniko cha chungu. Utakuta waya, si waya huu wa umeme, bali chombo cha udongo cha kuokea mikate. Na utakuta mofa, mkate mdogo wa mviringo wa unga wa mtama, ambao jina lake ni la tanuri ya udongo ya watu wa Yemen.

Nimewauliza vijana kadhaa maana ya mkungu. Wamenijibu mkungu wa ndizi. Hawakukosea, ila chombo kimewapotea.

Na katika mkungu huo wa kufunikia ndipo lilipo jibu la swali letu. Kifuniko cha udongo, kipana, chenye ukingo ulioinuka kidogo, hakifuniki tu; hubeba moto. Mpishi huinjika chungu juu ya mafiga matatu, chini akaacha makaa machache, kisha huchukua makaa mengine yaliyokwisha kukolea, akayapanga juu ya kifuniko. Kufanya hivyo ndiko kupalia. Wali wa nazi uliokaukiwa na tui hupaliwa, na ndiyo sababu wali wa zamani ulikuwa umeiva punje ya juu sawasawa na punje ya katikati, wala hukuta maji yaliyojikusanya chini ya kifuniko yakiudondokea na kuulainisha. Moto wa juu huyakausha kabla hayajadondoka. Baada ya hapo ukoko wa chini hugombewa na watoto, lakini hiyo ni habari nyingine.

Kutoka wali mpaka mkate ni hatua moja. Chombo kinachobeba moto juu na moto chini ni tanuri, hata kama hakina mlango wala ukuta. Na chakula kilichozaliwa na tanuri hiyo, kuliko chakula chochote kingine, ni mkate wa kumimina.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu mkate huu umeandikiwa maelezo mengi ya vijiko na vikombe na karibu yote yamesahau moto. Mchele hurowekwa usiku kucha, kwa sababu punje kavu haisagiki ikawa laini. Iliyolowa huvunjika kwa wepesi na unga wake huwa kama maziwa. Zamani ulitwangwa kinuni na kuchekechwa, ukarudishwa kinuni tena, mpaka mkono usihisi chenga. Kisha tui zito, iliki, sukari, na chachu. Rojo hilo huachwa mahali pa vuguvugu likaumuka. Sasa ndipo penye siri. Unga wa ngano una unato. Ukiukanda hujivuta kama mpira na huyashika mapovu ya chachu ndani yake, hata ukichelewa kuuoka hautaanguka mara moja. Mchele hauna unato huo. Mapovu yake yameshikwa na wanga na mafuta ya nazi tu, na wanga huo haushiki mpaka upate moto. Basi rojo likimiminwa katika chombo chenye moto wa chini peke yake, chini kutaganda na kuungua, na juu mapovu yatapasuka yote yaende zake, ubaki na kitu kama uji uliokauka. Ndiyo maana chombo hupashwa moto kwanza kikapakwa mafuta, rojo likamiminwa, na mara linapoanza kushika pembeni hufunikwa kwa kifuniko chenye makaa: juu moto mwingi, chini moto mdogo. Uso hushika haraka, mapovu yakanaswa humo humo, mkate ukainuka, ukapata rangi ya kahawia juu na vitundu ndani.

Hayo yote mpishi wa miaka 200 iliyopita aliyajua bila ya kuyatamka kwa maneno kama haya. Aliyajua kwa kiganja. Marehemu bibi yetu alikuwa akipitisha kiganja juu ya kifuniko, si kukigusa, akanyamaza kidogo kama anayesikiliza, kisha akasema, "Toa makaa mawili." Mawili, si matatu. Nilidhani wakati ule ni tabia za wazee.

Mkate wa ufuta nao una njia yake, ambayo kwa maoni yangu ni ya werevu zaidi. Huu ni wa ngano iliyovurugwa kwa tui, laini kuliko donge la chapati na zito kuliko rojo la kumimina. Mpishi huutandaza kwa mkono uliolowa maji juu ya chuma kilichopata moto, ukagandamana nacho. Ukishika chini, hapindui mkate, hupindua chuma. Chuma chote hugeuzwa kifudifudi, uso wa mkate ukatazama makaa, nao haudondoki kwa kuwa umeshikilia kwa mgongo wake. Hapo ndipo ufuta hupata rangi na harufu. Mtu aliyezoea mikate ya Waajemi na ya Wayemeni, ile inayobandikwa katika ukuta wa tanuri, atatambua mara moja kinachofanyika: ukuta wa tanuri umenyanyuliwa ukatiwa mkononi. Asiye na tanuri ameshika kipande chake kimoja, na kimemtosha.

Kuhusu chachu, kuna jambo linalowafanya baadhi ya watu wazungumze kwa sauti ya chini. Kabla ya hamira ya dukani kuenea, kulikuwa na njia mbili. Moja ni kuweka akiba ya donge la jana likachachuka, na kulichanganya na la leo. Nyingine, wazee wa pwani husimulia, ni tembo: tembo tamu la mnazi, lililogemwa asubuhi, lisilokuwa limekaa likawa kali. Chachu imo ndani yake kwa maumbile, na kwa vitumbua na mahamri haikuwa na mfano. Ng'ambo ya bahari, Goa, mikate ya mchele iitwayo sanna huumuliwa kwa tembo hilo hilo. Katika nyumba za wacha Mungu jambo hili lilikuwa na mjadala wake, na sikusudii kuufungua. Nitasema tu kwamba lugha yenyewe imeficha kicheko humo. Hamira, mahamri, na hamri ambayo washairi wetu huitaja wanapoimba ulevi wa mapenzi, yote ni ya mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kuchachuka. Mshairi na muuza mahamri wamechota katika kisima kimoja.

Tui sitalieleza sana, maana hakuna asiyelijua, ila nitataja neno moja kwa kuwa nalo linakwenda: kasimile. Hilo ni tui la mkamuo wa kwanza lisilotiwa maji. Lina mafuta mengi, na ukilitia mapema katika moto mkali hukatika, mafuta yakajitenga na maji. Ndiyo sababu samaki hupikwa kwa tui la pili, kasimile likatiwa mwisho, moto umekwisha kupunguzwa, na mkono ukachota kwa upawa na kurudisha, kuchota na kurudisha, mchuzi usipate nafasi ya kuchemka kwa nguvu. Leo tunasema "tui zito" na "tui jepesi" na tunaelewana. Lakini kasimile lilikuwa jina, na kitu chenye jina lake huangaliwa kwa jicho lake.

Nimekuwa nikisema "mpishi" kana kwamba ni mtu mmoja. Hapa inafaa tuseme kweli. Katika nyumba kubwa za Unguja za karne ya 19 kazi ya jikoni, kutwanga, kukuna nazi, kuchota maji, kupuliza moto, aghalabu ilikuwa ya wajakazi. Bi Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kuchapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, ameeleza wingi wa vyakula na shughuli za majikoni mwa kasri la baba yake. Lakini hata kwake yeye wapishi tunawaona kwa wingi wao zaidi kuliko kwa majina yao. Utumwa ulipoondolewa nguvu ya sheria Unguja na Pemba mwaka 1897, masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909. Wanawake waliotoka katika nyumba hizo hawakutoka na mali. Walitoka na mikono yao. Wengi wa waliokaa na seredani pembezoni mwa njia kuuza vitumbua na mikate walikuwa na historia ya aina hiyo nyuma yao, na inawezekana sana kwamba chakula tunachokiita cha kistaarabu, cha kiungwana, kilifikishwa kwetu na watu ambao waungwana hawakuwaita kwa majina ya baba zao. Wao walileta pia ya kwao kutoka bara, majani na mizizi na namna za kuyapika, na hayo hayakuandikwa na mtu.

Jambo hili ndilo linalonifanya nisiridhike na maelezo tunayoyasikia kila mara panapoonyeshwa vyakula vya asili, kwamba biriani ni ya Waajemi, chapati ya Wahindi, mofa ya Wayemeni, na sisi tumekopa. Majina ni kweli. Sufuria limetoka katika neno la Kiarabu la shaba, sinia pia ni la Kiarabu, tanuri pia. Ila jina la chombo hutujulisha nani alikileta sokoni, wala halitujulishi nani alikitumiaje. Na kwa upande wa pili, siridhiki na wale wanaosema moto wa juu na wa chini ni hekima yetu peke yetu. Wagoa wana bebinca yao, tabaka juu ya tabaka, ambayo kwa kawaida ya kale huokwa kwa makaa juu ya kifuniko. Wafilipino wana bibingka ya mchele na nazi, makaa chini na makaa juu. Panapoota mpunga na mnazi, na pasipokuwa na tanuri kila nyumba, mikono imefika mahali pamoja. Bahari yetu imechukua mchele, imechukua viungo, na haikosi imechukua pia mazungumzo ya wanawake waliokutana bandarini wasiojuana lugha, wakaonyeshana kifuniko.

Chungu kilipoiachia sufuria nafasi yake, kupalia hakukufa. Kifuniko cha bati kilibeba makaa vizuri kama mkungu, hata vizuri zaidi, kwa kuwa hakipasuki. Sufuria za shaba zilizohitaji kupakwa risasi nyeupe zikaziachia njia za alumini, nazo zikapashika moto upesi mno, na wapishi wakajifunza kupunguza makaa ya chini zaidi. Mabadiliko makubwa yamekuja na jiko la gesi na tanuri la umeme. Siyalaumu. Makaa ni ghali, yanamaliza miti, na moshi wake umewaharibia mama zetu macho na vifua. Anayemwambia mwanamke arudi kwenye makaa kwa ajili ya utamaduni aanze yeye kupuliza. Lakini yapo mambo mawili ya kujua. Tanuri la umeme hupasha hewa pande zote, wala halina ile nguvu ya makaa yanayong'aa shubiri moja juu ya mkate. Kwa hiyo anayeoka mkate wa kumimina humo na auweke daraja ya juu, awashe moto wa juu, na chombo akipashe kwanza jikoni kabla ya kumimina. Atakaribia.

La pili tulilijua sote kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, umeme ulipokosekana Unguja kwa takriban miezi mitatu. Matanuri ya umeme yalikaa kimya majumbani kama masanduku. Katika mtaa wetu ilionekana wazi nani alijua kupalia na nani alikuwa amesahau. Jirani mmoja, mwanamke mtu mzima asiyekuwa na tanuri maishani mwake, ghafla akawa na wageni kila alasiri, mabinti waliosoma, wenye madaftari. Walimuuliza makaa mangapi juu na mangapi chini. Aliwajibu kwamba inategemea makaa. Wakauliza dakika ngapi. Aliwaambia mpaka unukie. Mmoja akafunga daftari akamwomba amwonyeshe, naye akamshika mkono akaupitisha juu ya kifuniko.